Mwenyekiti wa Watu Wanne

Kura zilikuwa nne, na moja nilikuwa nimejipigia mwenyewe. Nalisema hilo mapema ili usije ukadhani unasoma habari za mtu wa maana.

Ilikuwa mwisho wa mwaka wa 2007 na Nairobi nzima ilikuwa na homa ya uchaguzi. Hata kinyozi wangu pale Kawangware alikuwa hagusi kichwa chako kabla hajakuuliza uko upande gani. Chuoni, sisi wa mwaka wa mwisho wa diploma ya uinjinia wa mitambo tuligawanywa katika makundi ya watu wanne wanne. Kila kundi lilitakiwa libuni mashine, liichore, liiunde, kisha liitetee mbele ya jopo la walimu. Mwalimu alifuata orodha ya majina, kwa hivyo hakuna aliyemchagua mwenzake. Kundi letu lilikuwa na jamaa mkimya wa Riruta Satellite, ambaye kwao kulikuwa na kompyuta, jambo lililomfanya katibu kabla hajafungua mdomo. Kulikuwa na mlokole aliyefungua kila mkutano kwa maombi marefu kuliko mkutano wenyewe. Kulikuwa na msichana wa Sarang'ombe, kule Kibera, aliyejua kuchomelea vyuma kutushinda sisi watatu tukijumlishwa. Halafu kulikuwa na mimi.

Watu wanne wanahitaji mwenyekiti wa nini? Usiniulize. Kwetu hata watu wawili wakikutana kununua sukari, mmoja huwa mwenyekiti na mwingine mweka hazina. Nikaitisha uchaguzi. Tulipiga kura ya mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya mtu wake. Mlokole alisimama nyuma ya msichana wa Sarang'ombe. Katibu alisimama nyuma yangu kwa sababu nilikuwa nimemwahidi ukatibu, ambao tayari alikuwa nao. Wawili kwa wawili. Hapo ndipo nikatangaza kwamba aliyeitisha mkutano ni mwenyekiti wa muda, na mwenyekiti wa muda ana kura ya kuamua. Nikaitumia. Nikajitangaza mshindi, nikatoa hotuba, nikamshukuru mpinzani wangu kwa ukomavu wake wa kisiasa.

Msichana alicheka hadi akashika meza. "Sawa, Mheshimiwa," akasema. "Sasa tunaeza fanya kazi?"

Kwake yeye haukuwa mchezo, na hakutuficha. Siku hiyo hiyo alituambia kwamba kanisa lililokuwa likimlipia karo lilikuwa limemwambia huu ndio mwaka wa mwisho, hakuna kurudia. Kulikuwa na karakana moja Industrial Area iliyokuwa imemwahidi kazi, mradi tu afike na diploma mkononi kabla ya katikati ya mwaka. Bila kupita mradi huu hakuna diploma. "Mimi nikianguka hii kitu nimeisha," alisema, bila kulia wala kutabasamu. Mimi nikaandika kwenye kumbukumbu za mkutano: Mwanachama mmoja alieleza changamoto zake.

Hata wazo la mashine lilikuwa lake. Mamake alikuwa akiokota vumbi la makaa kwa wauzaji, analichanganya na udongo na maji, anafinyanga madonge kwa mikono na kuyaanika juani ili ayauze. Mikono ilikuwa inamuuma. Msichana akasema, tuunde mashine ndogo ya kukandamiza madonge hayo. Paipu pana iliyosimama wima, yenye matundu ubavuni ya kutolea maji, pistoni ndani yake, na juu mkono mrefu wa kusukuma chini. Tulikubali wote. Kwenye ripoti niliandika kwamba wazo hilo "liliibuliwa na uongozi."

Niligawa kazi. Msichana atengeneze paipu na pistoni, yaani mashine yenyewe. Katibu aandike ripoti. Mlokole atafute vifaa. Mimi nilijitwika michoro, fremu ya kubeba mashine, na kitu nilichokiita uratibu wa jumla. Niliandika pia katiba. Ndiyo, katiba, kurasa tatu. Kifungu kimoja kilisema mwanachama atakayekosa mikutano mitatu mfululizo bila kutoa udhuru ataondolewa kundini. Nilikiweka kwa ajili ya mlokole, ambaye akienda kesha alikuwa anapotea siku mbili.

Michoro yangu ilikuwa mizuri, nitajisifu hapo. Penseli za aina tatu, mistari imenyooka, na pembeni kisanduku cha "Imeidhinishwa na" chenye sahihi yangu mara mbili. Shida ilikuwa moja tu. Sikuwa nimewahi kumwona mama huyo, wala kukanyaga kwao. Nilihitaji urefu wa mtumiaji, nikajipima mwenyewe. Mimi ni mrefu, hata mlango wa nyumba yetu nilikuwa naingia kama mtu anayeomba radhi. Nikachora mashine ya mtu aliyesimama, mkono wake ukifika kifuani pangu.

"Lakini mama hufanya kazi akiwa amekaa," msichana akasema. "Ana kistuli kidogo, anakaa hapo mlangoni mchana kutwa. Magoti yake hayawezi kusimama hivyo."

"Hoja hiyo haimo kwenye ajenda," nikajibu.

Aki ya nani, nilijibu hivyo. Aliniangalia kidogo, akakunja nakala yake ya mchoro, akaenda zake kwa fundi mmoja wa jua kali aliyekuwa na kibanda kando ya Soko la Toi, ambako aliruhusiwa kutumia mashine ya kuchomelea.

Kisha nchi ikapiga kura, matokeo yakatangazwa, na kila kitu kikawaka.

Sitasimulia mengi, kwa sababu sikuona mengi. Nilikuwa ndani. Kawangware ilikuwa imejaa moshi wa matairi na mayowe ya mbali ambayo baadaye yalikuwa karibu. Watu waliokopeshana chumvi wiki iliyopita walianza kuulizana walitoka wapi. Landilodi wetu alifunga geti la ploti kwa mnyororo. Fremu yangu nilikuwa nimeitoa kwa fundi siku mbili kabla, nimeipaka rangi ya buluu, nayo ilijaza nusu ya chumba nilichoishi na dadangu mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa anatoka kutafuta unga na sukuma wiki. Mimi nilikuwa nabaki.

"Lazima mtu alinde mradi," nilimwambia.

Alinitazama nilivyokuwa nimejibanza nyuma ya fremu, mgongo ukutani. "Unalinda mradi ama mradi unakulinda?"

Simu yangu ilileta ujumbe kutoka kwa msichana wa Sarang'ombe. Tafadhali nipigie. Ni ule ujumbe wa bure wa mtu asiye na salio, na siku zile kadi za simu zilikuwa zimepotea madukani. Kesho yake ukaja mwingine. Zikaja nne kwa jumla. Mimi nilikuwa na salio la kutosha. Nilikuwa nalitunza kwa ajili ya dharura, kana kwamba kulikuwa na dharura nyingine kubwa zaidi iliyokuwa njiani. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa ataniambia jambo baya, halafu itabidi nifanye kitu. Kibera tulikuwa tunaisikia kwenye redio asubuhi na jioni. Nilikuwa naisikiliza, nazima, nachukua penseli, naanza kuichonga. Sijawahi kuwa na penseli zilizochongoka kama mwezi ule.

Chuo kilifunguliwa kwa kuchelewa, mambo yalipopoa kidogo. Wanafunzi walirudi wachache wachache, na hakuna aliyeuliza sana nani hayupo. Mwalimu alisema jopo litakaa mwezi wa tatu bila kuahirishwa, na kila kundi lilete ripoti yenye majina ya wanachama halisi tu. Jina lisilo kwenye ripoti halina alama. Tukakutana watatu. Tukakutana tena watatu. Siku ya mkutano wa tatu mlokole aliomba kwa ufupi kwa mara ya kwanza, akasema, "Tumtafute dadetu, bana. Hatujui kama yuko hai."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo aibu ilipo. Mtu angeweza kusema, niliogopa, sikumpigia, twendeni sasa hivi. Mimi nikasema, "Nimeshamtafuta."

Maneno yalitoka mdomoni yenyewe. Na yalipotoka, yakataka wenzake. Nikasema nilikwenda hadi kwao. Mara ngapi? Mara tatu. Nikapata nini? Nyumba imefungwa kwa kufuli. Majirani? Hawajui. Katibu alikuwa anapiga chapa tu, tak tak tak, na ripoti ikatoka imejalidiwa vizuri. Ukurasa wa nne ulisema: Licha ya hali ya usalama, mwenyekiti alihatarisha maisha yake na kufika nyumbani kwa mwanachama mara tatu, ambapo alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Hivyo, kwa mujibu wa katiba ya kundi, mwanachama aliondolewa. Nilisoma sentensi hiyo nikaguswa. Karibu nijionee huruma.

Tukaiwasilisha. Siku nne kabla ya jopo, nikiwa karakana ya chuo nikijaribu kuifanya fremu yangu isimame, maana mguu mmoja ulikuwa mfupi na nilikuwa nimeuwekea kiberiti, akaingia.

Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Sarang'ombe, gunia mgongoni. Amekonda. Alilitua gunia sakafuni na likalia chuma. "Niaje, Mheshimiwa," akasema, kana kwamba tuliachana jana.

Ndani ya gunia kulikuwa na paipu, pistoni, na mkono. Kibanda cha fundi kule Toi kilikuwa kimeungua pamoja na vibanda vingine vingi. Yeye na mamake walilala kanisani siku kadhaa, na waliporudi akaenda kuchimbua majivu hadi akaipata paipu, nyeusi tititi, lakini nzima. Aliisugua kwa mchanga. Pistoni ya kwanza ilikuwa imepinda, akaunda nyingine. Alisimulia hayo huku akitafuta msumeno wa chuma. Simu yake, alisema, ilipotelea kwenye purukushani. Hakusema neno kuhusu zile jumbe nne. Mimi pia sikusema.

Msumeno akaupata, akapiga magoti mbele ya fremu yangu ya buluu.

"Unafanya nini?"

"Nakata miguu."

"Lakini mchoro..."

"Mama hukaa, Mheshimiwa."

Akaikata miguu yote minne, na ile kasoro ya mguu mfupi ikaisha hapo hapo. Tukafunga paipu, tukatia vumbi lililochanganywa na udongo, akaketi juu ya debe na kusukuma mkono wa mashine chini kwa mkono wake mmoja. Donge likatoka, la mviringo, gumu, linang'aa maji. Mlokole alipiga haleluya. Katibu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka. Kisha akaniangalia, na nikajua anafikiria ukurasa wa nne.

Nilikuwa na siku nne za kwenda kwa mwalimu kusema. Siku ya kwanza nilimkuta ana wageni. Siku ya pili sikumtafuta. Siku ya tatu nilifika hadi mlangoni pake, nikasoma tangazo lote lililobandikwa hapo, nikarudi. Nilijiambia huenda jopo lisisome ripoti. Nani husoma ripoti?

Jopo lilikuwa limeisoma. Ukumbi ulikuwa umejaa, makundi yote yamekaa yakitazama. Mashine ilifanya kazi mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na walimu wakashuka kuishika kwa mikono yao. Niliongea kwa Kiswahili cha bungeni. Ndipo mwalimu wetu akafungua ripoti, akatusomea majina matatu, akamtazama msichana aliyekuwa ameketi kwenye debe, mikono imejaa vumbi jeusi.

"Na wewe ni nani? Hapa nina watu watatu."

Akasimama. Hakuelewa. "Mimi ni wa kundi hili, mwalimu."

"Hapana. Ripoti inasema uliondolewa." Akasoma ukurasa wa nne kwa sauti, wote, pamoja na kuhatarisha maisha, pamoja na mara tatu, pamoja na kufuli. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyoikumbuka. "Kwa hivyo kundi lilikutafuta likakukosa, na sasa umekuja kwa ajili ya marks?"

Msichana aligeuka kuniangalia. Nilitegemea hasira, na hasira ningeiweza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu kitu kichwani, kanisa, karakana, mwaka mzima, na hesabu inakataa kutimia. Kisha akasema, polepole, kwa mwalimu: "Mlango wetu hauna kufuli."

Mwalimu akanigeukia.

"Mwenyekiti?" mwalimu akaita.

"Mwalimu, ukizingatia hali ya usalama iliyokuwepo, na ikizingatiwa kwamba barabara nyingi..."

"Ulifika kwao au hukufika?"

Shati lilikuwa limenigandia mgongoni. "Sikufika."

"Ulifika wapi?"

Ningeweza kutaja barabara yoyote. Ngong Road ingenipa heshima kidogo. "Kwa geti," nikasema.

"Geti gani? La Kibera?"

"La ploti yetu."

Ukumbi mzima ulilipuka. Walicheka, wakapiga meza, mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Na kwa sababu tayari nilikuwa nimevuliwa nguo, nikaona nimalizie. Nikasema wazo lilikuwa lake, paipu yake, pistoni yake, na hata miguu ya fremu aliikata yeye kwa sababu mimi nilichora mashine kwa kujipima mwenyewe. Nikasema alinitumia ujumbe mara nne na sikumpigia. Nikasema ya salio. Nikasema hata ya kura ya mlolongo.

"Hiyo kura sijaiuliza," mwalimu akasema.

"Ni hivyo tu, mwalimu. Alistahili."

Walitutoa nje. Walikaa muda mrefu. Walipotuita, jina lake liliandikwa kwa kalamu juu ya yale matatu na mwalimu akatia sahihi pembeni. Alipita, tena vizuri. Katibu na mlokole walipita. Mimi niliambiwa nirudie mradi mwaka uliofuata na wadogo zetu, na ndivyo ilivyokuwa. Huko nilikaa kiti cha nyuma, na walipotaka kumchagua mwenyekiti nikaenda msalani hadi waliponiita.

Msichana hakuniongelesha wiki mbili. Kisha siku moja Jumamosi akatuma neno kwa mlokole kwamba mashine inaenda nyumbani kwa mamake, na mwenyekiti wa zamani aje abebe. Nilibeba. Tulipita Toi, watu wanapigilia mbao mpya juu ya ardhi iliyoungua, nguo za mitumba zimeshaanza kuning'inia. Msichana alitangulia, hakugeuka. Mlokole alishika upande mmoja wa fremu na mimi upande mwingine, na hata yeye hakuimba. Tulipita vichochoro vya Sarang'ombe nikijikwaa kila hatua, hadi kwenye mlango uliokuwa wazi, na kwenye mlango huo, juu ya kistuli, mama mfupi mwenye mikono myeusi hadi viwikoni.

Tuliitua mbele yake. Alisukuma mkono wa mashine akiwa amekaa hapo hapo, donge likatoka, akaligeuza geuza, akasukuma tena. Akaendelea hadi madonge yalipofika sita. Kisha akainua macho. "Na ni nani kati yenu ndiye mwenyekiti?"

Mlokole akanionyesha, msaliti yule. Nilijua saa yangu imefika. Nilisimama kama mtu anayengoja kupigwa.

Yule mama aliinuka, magoti yakilia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, kijana wangu," akasema. "Siku zile tukiwa kanisani nilikuwa namuuliza huyu kila siku, kwani hakuna mtu hata mmoja wa hiyo shule anakuulizia? Hata mmoja? Ananyamaza tu. Nilikuwa naumia sana. Sasa juzi ndio akaniambia kumbe kuna mmoja alikuja. Mara tatu, na mawe yote hayo barabarani, na akatukosa."

Nilimtafuta msichana kwa macho. Alikuwa ameinamia mashine na spana, akiikaza nati ambayo nilikuwa nimeikaza mimi mwenyewe kabla hatujaondoka chuoni. Hakuinua kichwa.

"Ni kweli ulikuja?" mama akauliza, akitaka tu kulisikia tena.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Mara tatu."

Akanivutia kile kistuli chake nikae, akaenda kutuwekea chai.